Sarafu Iliyokwenda kwa Wataalamu

Sisi wa benchi la nje ya kinyozi hatuna gazeti, tuna Profesa. Shule aliiacha yeye, anavyosema, kabla haijamwacha. Sasa anauza makava ya simu na kutusomea habari za dunia bure, tutake tusitake. Jumatatu alitusomea kwamba mzee mmoja wa nchi ya mbali kaokota sarafu kuukuu kwenye koti la marehemu baba yake, kaipeleka kwa wataalamu wa kupima sarafu, wakaipa alama za juu, na leo anakaa ghorofani.

"Uongo huo," nikasema. Mimi nashona viatu, na habari za watu kutajirika bila kutoka jasho zinanichefua tangu zamani.

Wembe, kinyozi wetu, alizima mashine, akamwacha mteja na kichwa nusu, akakimbia nyumbani kwake huko nyuma ya duka. Alirudi na sarafu kiganjani, nyeusi tititi, yenye kichwa cha mfalme ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Baba yake alimwachia kwenye kopo la vifungo. Profesa akaiweka kando ya picha ya kwenye simu: mfalme yule yule, mwaka ule ule. Mteja akauliza habari ya kichwa chake, asijibiwe.

Basi likawa swali moja tu, ipelekwe ikapimwe au isipelekwe. Profesa alitueleza utaratibu. Unaituma kwa posta, unalipia, unasubiri miezi. Wataalamu wanaikagua kwa kioo cha kukuzia, wanaipa alama kuanzia moja hadi sabini, halafu wanaifungia kwenye kijisanduku cha plastiki usichotakiwa kukifungua tena.

"Sabini inapewa ipi?" aliuliza Karani. Huyu alistaafu ofisi ya serikali, ila tai yake bado haijastaafu.

"Ile isiyoguswa. Haijawahi kununua kitu wala kulala mfukoni mwa mtu."

"Na iliyozunguka sokoni miaka yote?"

"Hiyo itaambulia kumi, kumi na tano."

"Kwa hiyo iliyofanya kazi inafeli," nikasema, "na iliyolala inapewa zawadi. Karani, wewe wangekupa sabini kamili."

"Sitini na tisa," akajibu Karani bila kukasirika. "Kuna siku nilipokea simu."

Mchana wote ukaishia kwenye kupeana alama. Mimi nilipewa nane, na Profesa akadai hata hizo ni za huruma. Tuliporudi kwenye hoja, Karani alitaka sarafu iende, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilipinga: kizuri chajiuza, sasa mtihani wa nini?

"Kinajiuza kwa wanaokijua," akasema Profesa. "Mnunuzi atauliza nani kasema hii ni ya thamani. Utamjibu nini? Kasema mshona viatu?"

Nikanyamaza, si kwa kushindwa, ila nilikuwa na uzi mdomoni.

Tukakubaliana kura ipigwe Ijumaa. Ajabu ni kwamba mwenye sarafu mwenyewe hakuwa na upande. Alikuwa akinyoa na kutusikiliza tu, mpaka Jumatano alipotupa sababu. Mama mkwe wake anakaa nyumbani kwa Wembe tangu afiwe na mumewe. Alimtakia bintiye mume wa ofisini, akapata wa mkasi, na hakuwahi kulisamehe hilo. Miaka yote hiyo hajamtaja Wembe kwa jina. "Mwambie huyo chumvi imekwisha." "Huyo kashaamka?" Nasi tulikuwa tukimtania kwa hilo, tena sana. Sasa habari ya sarafu ilikuwa imefika nyumbani.

"Jana naingia, ananiambia, mwanangu, mbona umechelewa," Wembe akasema. "Nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu."

Akapuliza nywele kwenye mashine yake.

"Mimi ghorofa siitaki," akaendelea. "Ila wakiipa alama tano, narudi kuwa huyo. Zamani nilikuwa nimezoea. Sasa nimeshaonja."

Karani akabadili upande papo hapo, akasema kisichopimwa hakijafeli. Profesa akamkumbusha kwamba hakijafaulu pia. Benchi likagawanyika, kura ya kuamua ikabaki kwangu, nami nikapanga kuiuza kwa anayeninunulia kahawa.

Sikuwahi kuiuza. Ijumaa Wembe alikuja na sarafu ndani ya leso nyeupe. Alipoifunua tulifumba macho kwa mng'ao. Mama mkwe alikuwa ameamka alfajiri, akaitoa koponi, akaisugua kwa ndimu na majivu kama anavyosugua sufuria zake. Kitu cha mwanawe, alisema, hakiendi mbele za watu kikiwa kichafu.

Profesa aliitazama, akakaa chini taratibu.

"Imeoshwa," akasema.

"Si imependeza?" nikauliza.

Akatusomea. Sarafu ikisuguliwa, mikwaruzo yake inaonekana kwenye kioo. Wataalamu hawaipi alama hata moja, wanaandika tu kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, na wanunuzi wazito wanaikimbia. Ule weusi tuliouona uchafu ndio uliokuwa mali.

"Yaani kosa ni usafi?" akauliza Karani.

"Kosa ni usafi."

Mimi huwa sikosi neno la kejeli, watu wananifuata kwa hilo. Siku ile nililitafuta sikuliona. Nilikasirika tu, na sikujua nimkasirikie nani. Wembe aliifunga tena leso, kona kwa kona.

"Asiambiwe," akasema. "Kasugua mpaka vidole vimechubuka. Mtu yeyote asije akamwambia."

Jioni ile alitangaza nyumbani kwamba sarafu imetumwa. Tangu hapo iko kwa wataalamu. Kwa maneno mengine iko hapa, kwenye ubao wetu wa drafti, imeshika nafasi ya kizibo cha soda kilichopotea. Tukaifanya kingi, kete kubwa kuliko zote, na Karani huing'ang'ania kila mchezo, ndiyo kazi ngumu aliyopata kuifanya.

Wiki iliyopita tulikuwa tunacheza, Karani kaiinua tayari kula kete zangu, mara mama mkwe akatokea na hotpoti. Kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga pale dukani. Wembe alisimama na mkasi mkononi, na Karani akabaki na sarafu hewani kama aliyeshikwa na polisi. Yule mama aliitazama. Kila mstari wa ile sarafu umepita kwenye vidole vyake, asingeifananisha na nyingine. Mimi nikaanza kukagua kiatu kisicho na tatizo lolote.

"Mwanangu," akasema, "wale wataalamu bado hawajajibu?"

"Bado, mama."

Akaiweka hotpoti kwenye benchi, akakaza mfuniko.

"Waambie wasiharakishe," akasema. "Na wewe ule, chakula kisipoe."

Akaenda zake. Karani alisubiri mpaka alipokata kona, ndipo akaishusha sarafu na kunila kete tatu.