Koti la Mwalimu Okinyi

Alhamisi, 16 Januari 2025

Kiti cha naibu wa mwalimu mkuu kiko wazi! Ni cha marehemu Mwalimu Okinyi, aliyetuacha Desemba akazikwa kwao Ugenya. Mungu amlaze pema. Nililia sana mazishini, tena nilisimama karibu na mwenye kamera. Lakini maisha lazima yaendelee, hasa yangu.

Bwana Ephantus, mwenye shule yetu hapa Kabiria, amesema hana haraka ya kuteua mtu. Atatutazama mwaka mzima. Mwalimu ambaye darasa lake litashinda kwa miradi, ziara na nidhamu, huyo ndiye naibu mwakani. Alipofika kwenye nidhamu alinitazama mimi. Wakati huo Gredi ya Nne Magharibi, darasa langu, lilikuwa linarusha viatu dirishani.

Mpinzani ni mmoja: Lornah wa Gredi ya Nne Mashariki. Watoto wake hukaa kama wako kanisani. Huwapa peremende, nina hakika. Leo amenitakia kila la heri huku anacheka. Tutaona!

Kushindwa siwezi. Mama kule Webuye ameshawaambia majirani kwamba mwanawe ni naibu. Amejuaje? Nilimwambia mwenyewe, Krismasi.

Jumatano, 12 Februari

Mradi wa Kilimo: sanamu ya kufukuza ndege. Kila darasa lisimamishe yake kwenye shamba lake la sukuma wiki, na kila mtoto alete kitu cha kuitengeneza. Kama kawaida, kazi ya watoto wamefanya wazazi. Kule Mashariki kuna baba fundi cherehani. Sanamu yao imekuja na suti! Inapendeza kuliko mimi. Wangu wameleta mpini wa jembe, gunia, nyasi, na mzazi mmoja tajiri wa Kileleshwa amemtuma msaidizi wake wa nyumbani kwa boda boda na mto wa kochi. Nguo hakuna.

Nikafikiri. Nyuma ya mlango wa ofisi ya naibu bado linaning'inia koti la kijivu la Mwalimu Okinyi. Familia haijaja kuchukua vitu vyake. Koti zima, halina kazi! Nikaingia, nikalitoa, nikaondoka nikipiga mluzi.

Mabega yake yalikuwa na joto. Ni jua tu. Ofisi ile haina dirisha, lakini jua hupenya.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, Nasimiyu. Akaweka mwiko chini. Akasema nguo za marehemu haziguswi mpaka ndugu wakae wazigawe mbele ya watu, na mtu akijigawia mwenyewe amebeba koti pamoja na mwenye koti. Nikamwambia mimi sijalivaa. Limevaliwa na gunia, na gunia halina ukoo. Hakucheka. Alinipakulia ugali bila kunitazama.

Jumatatu, 3 Machi

Lornah ameanza vita! Mikono ya sanamu niliipigilia misumari mwenyewe, mmoja kulia, mmoja kushoto. Asubuhi nimeikuta imekunjwa nyuma ya mgongo. Hivyo hivyo ndivyo Mwalimu Okinyi alivyosimama kwenye korido akisubiri wachelewaji. Utani wa kitoto kabisa. Nikainyoosha, nikaifunga kwa waya. Baada ya chai, nyuma tena! Waya umeviringwa vizuri, umewekwa kando. Na misumari imepangwa juu ya jiwe.

Nikamvamia Lornah kwenye chumba cha walimu. Akasema hajakanyaga shamba langu. Akaongeza kwamba hata akilipwa hatalikanyaga. Mwongo, na anaigiza vizuri, maana alikuwa anatetemeka kweli.

Lakini kazi sanamu inafanya. Hakuna ndege hata mmoja. Hata kunguru wa paa la jikoni wamehama. Ukisimama katikati ya sukuma wiki husikii kitu, hata magari ya barabarani. Nilisimama pale kidogo leo. Kimya kile kilikuwa kama cha mtu anayesubiri umalize kusema. Nikakumbuka nina madaftari ya kusahihisha.

Ijumaa, 23 Mei

Maajabu! Gredi ya Nne Magharibi imenyooka. Hawapigi kelele. Wakipita shambani wanapunguza mwendo, wanachomeka mashati, wanasema shikamoo. Jana nilimuuliza Ciru, aliyekuwa kinara wa fujo, kumetokea nini. Alijibu kwa kunong'ona: "Teacher, aliniambia nivute soksi." Nikamuuliza nani. Akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. "Si yule mwalimu wa shamba."

Mtu mwingine angeogopa. Mimi nikapata wazo. Nimeihamisha sanamu, nimeisimamisha nje ya dirisha la darasa langu, uso ndani. Sasa naweza kufundisha nikiwa nimeketi. Hata nikisinzia, wao wanasoma. Wanasoma bila kugeuza shingo kuelekea dirishani, wote, kuanzia asubuhi mpaka kengele.

Bwana Ephantus alipita akadhani darasa limekwenda ziara. Akachungulia. Akatingisha kichwa kwa furaha. Kule Mashariki, sikia, kulikuwa na kelele! Peremende zimeisha.

Kitu kimoja tu. Nilipopita dirishani jioni, nilijikuta navuta soksi zangu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya ziara ya makavazi, kuona vitu vya kale mjini. Na siku ya balaa. Asubuhi Peres, binti wa marehemu, alipiga simu. Ana saluni Kenyatta Market. Akasema leo atafika shuleni kuchukua vitu vya babake. Leo! Na koti liko dirishani mwangu, kila mtu analiona! Akilikuta, mimi ni mwizi wa nguo za maiti, na unaibu kwaheri.

Mpango ulinijia mara moja: sanamu nayo iende ziara. Kitavi, dereva wa basi la shule, alikataa. Nikamwambia ni kifaa cha kufundishia. Nikailaza kiti cha nyuma, nikaifunika magunia.

Tulipofika Ngong Road nikageuka. Nyuma kulikuwa na magunia matupu. Sanamu ilikuwa imekaa mbele kabisa, karibu na dereva, kiti ambacho Mwalimu Okinyi alikikalia kila ziara. Nikawauliza watoto nani ameihamisha. Wakavuta soksi, wote. Kitavi aliendesha mpaka mjini bila kutazama kushoto. Sijawahi kumwona akiendesha kwa heshima namna ile, hata mkokoteni hakuupita.

Pale makavazi niliiacha ndani ya basi. Tulipotoka, askari wa lango akaniuliza mbona tumemwacha mzee peke yake kwa joto. Nikasema ana shida ya miguu. Akasema walisalimiana vizuri, tena kwa Kijaluo, maana yeye pia ni wa Ugenya. Nikacheka. Yeye hakucheka. "Huyo mzee wenu ni mpole," akasema, "lakini amechoka. Anasema anataka kwenda home."

Askari hawa hukaa juani muda mrefu. Nimemhurumia.

Jumatatu, 21 Julai

Peres hakuridhika na vitu alivyopewa mwezi uliopita. Leo amerudi, akanikuta chumba cha walimu, sina pa kutokea. Viatu anavyo, Biblia anayo. Koti ndilo halipo. Akaeleza polepole kwamba kwa mila yao koti la marehemu hurithiwa na kaka mkubwa wa babake, na bila hilo wazee wamekataa kukaa kugawa. Kwa hiyo mpaka sasa hakuna kilichogawiwa. Mama yake kila akilala anamwona mumewe amesimama. Anamwambia keti, na yeye anasema hajaruhusiwa.

Kisha akalia. Nikampa kitambaa na uongo: labda wezi, labda panya. Nilisikia aibu hapa kifuani, aibu ya kweli, iliyoniuma. Nikaona heri nimwambie yote. Nikafungua mdomo.

Simu ikalia. Ni Mama, kutoka Webuye. Anauliza kama naibu hupewa nyumba na shule, maana mchungaji amemuuliza. Nikafunga mdomo.

Peres alikuwa ameangalia nje. Nilikuwa nimeligeuza koti ndani nje na kuivika sanamu kofia ya gunia, haitambuliki hata kidogo. "Mwalimu," akasema, "hiyo kitu inasimama kama Baba." Nikamwambia sanamu zote husimama hivyo. Akaniangalia sana. Akasema nikilipata popote nimwite, saa yoyote, hatauliza swali.

Alipoondoka nilitoka kuikagua. Koti lilikuwa limegeuzwa upande wake wa kawaida, vifungo vyote vimefungwa. Na haikuwa tena inatazama darasa. Ilitazama lango alilotokea Peres. Nikaizungusha kwa nguvu zangu zote. Nzito sana kwa gunia na nyasi! Na nilipoiachia nilihisi kama nimemsukuma mtu mzima anayelia. Nimejaribu kuoga, hisia hiyo haijatoka.

Lakini imebaki miezi mitatu tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ijumaa, 24 Oktoba

Gwaride la kufunga shule. Wazazi wote, viti vya kukodi, soda. Bwana Ephantus akapanda jukwaani. Miradi bora: Magharibi! Ziara bora: Magharibi! Nidhamu: Magharibi! Nilikuwa nimeshasimama, nimeshafunga kifungo cha suti, nimeshamtumia Mama ujumbe.

Kisha akasema hivi. Mwaka mzima shule imekaa bila naibu, na watoto hawajawahi kunyooka kama mwaka huu. Sasa naibu wa nini? Ofisi ile itakuwa stoo ya vitabu. Wazazi wakapiga makofi. Ile sanamu ya Gredi ya Nne, akasema, itajengewa kibanda cha mabati isinyeshewe, ibaki pale daima. Makofi zaidi!

Nikabaki nimesimama. Mpini wangu mwenyewe, gunia langu mwenyewe, limeninyang'anya kazi! Nililia, na safari hii hakukuwa na kamera.

Lornah akaja kuniliwaza. Amepata kazi shule nyingine, anahama. Anasema hakukimbilia mshahara. Amechoka kuamkiwa kila asubuhi na mtu asiyekuwepo, kwa jina lake lote. Nikamwambia basi akiri mambo ya mikono. Akaapa kwa watoto wake. Nimemwamini kidogo. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote yaliyotokea leo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeamka na akili mpya! Sanamu ndiyo inayowanyoosha. Ikiondoka, Januari watoto watarusha viatu. Bwana Ephantus atahitaji naibu mbio. Na kumbe Peres anataka koti! Nitalirudisha, nishukuriwe, nipate na kazi. Nasimiyu aliposikia ninalirudisha aliimba wimbo wa kanisa. Sikumweleza sababu.

Nikaenda shuleni mchana, jua kali, hakuna mtu. Nikaanza kufungua vifungo. Nilitarajia gunia, mto na mpini wa jembe. Hakukuwa na kitu. Chini kulikuwa na vumbi la mchwa, la zamani, limeshaota majani. Mchwa walimaliza miti yote, sijui lini. Ndani ya koti hakukuwa na chochote, na koti lilikuwa limesimama.

Nikasema kwa sauti, samahani Mwalimu, twende nyumbani. Sijui kwa nini nilisema. Likanilegea mikononi kama mtoto aliyeshikwa na usingizi.

Pale Kenyatta Market Peres hakuuliza swali, kama alivyoahidi. Alilinusa koti, akaliweka kifuani, akawapigia wajomba na baba zake wakubwa na wadogo hapo hapo: tumelipata, kaeni. Wanawake wa saluni wakaacha kusuka, wakalia naye. Mimi pia machozi yakanitoka, nasema kweli, niliona furaha kubwa. Akaniita ndugu. Akatoka kuniletea chai.

Mfuko wa vitu vya marehemu ulikuwa wazi karibu na mguu wangu. Viatu, Biblia. Na filimbi. Filimbi yake ya chuma, ile aliyopuliza kwenye gwaride shule nzima ikapanga mstari!

Sasa fikiri. Sanamu haibebeki, inaonekana na kila mtu, inapata sifa peke yake. Lakini filimbi iko mdomoni mwa mtu. Watoto wakinyooka, sifa ni ya mpulizaji. Kasoro yote ya mwaka huu ilikuwa hiyo tu: nilichagua kitu kikubwa mno! Na kitu kidogo hivi, wazee hawatakikumbuka. Chai ilikuwa na tangawizi, tamu sana.

Nimefika nyumbani nikaipuliza, kidogo tu, kuijaribu. Imefanya kazi! Watoto wa ploti nzima wametoka, wamepanga mstari uani, kimya. Nasimiyu naye ametoka na unga mikononi, akasimama kwenye mstari, analia, hajui kwa nini. Wote wametazama lango.

Nilitaka kwenda mbele niwakague. Nikajikuta nimesimama wa mwisho, nyuma ya mtoto wa jirani, kidevu juu. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama ukuta. Kisha tukaruhusiwa.

Januari naibu ni mimi. Nimeshampigia Mama.