Nta ya Eliakim Inayotaka Upepo

Jirani yetu Phelista, anayekaanga mandazi ng'ambo ya pale magari yanapooshwa Kitale, anaapa kwamba Jumamosi ile inzi alitua kwenye boneti la gari jeupe, akateleza mpaka chini, akavunjika mguu. Ati alimwona akiondoka akichechemea. Ukimtoa huyo inzi, mengine ni kweli, maana karatasi ipo na alama ya kidole cha Phelista iko juu yake.

Aliyeling'arisha gari hilo ni Eliakim, kijana wa Myanga mwenye shati lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Kazi yake ilikuwa kuwapaka watu magari nta ya asili, kisha kuwaambia kwamba nta ya asili haishiki gari likiwa limesimama. Lazima lipigwe upepo wa barabara, mpaka Bungoma na kurudi, polepole, na dereva anayejua. Dereva anayejua ni yeye. Na kila Jumamosi Bungoma kuna harusi, na harusi hutaka gari linalometa. Jioni mwenye gari hurudishiwa mali yake, na vipande vya maua ya karatasi kwenye kiti cha nyuma, ambavyo Eliakim husema vimeletwa na upepo.

Siku hiyo alikuwa ameahidi gari jeupe kwa bibi arusi wa Misikhu, na gari hana. Ndipo mama mmoja, Jelagat, akaingia na lake jeupe.

"Mathe, hii gari inalia," Eliakim akasema kabla mama hajafunga mlango.

"Inalia nini?"

"Ngozi. Umekuwa ukiipaka vitu vya chupa, si ndiyo? Hiyo ni dawa ya kuua. Gari pia ina ngozi, bana."

Akatandika jani la mgomba, akapanga mabonge matatu. "Chagua mwenyewe, mimi silazimishi mtu. Nyeupe ni ya mtu wa haraka. Ya manjano ni ya mwalimu mkuu. Hii ya kahawia ni nta tupu ya Mlima Elgon, kutoka mizinga ya babu zetu. Hii, maaskofu ndio hupaka."

Yote matatu yalikuwa mishumaa ya duka moja. La manjano lilitiwa bizari, la kahawia likachemshwa na majani ya chai.

Jelagat alichukua la kahawia. Akanusa. Akakwaruza kwa ukucha, akatia mdomoni, akatafuna taratibu akiutazama mlima. Baba yake alikuwa na mizinga arobaini huko juu, na yeye alikua akitafuna masega kama wengine wanavyotafuna miwa. Sasa alitafuna mshumaa na chai. Akameza mate, akatabasamu.

"Hii ndiyo safi," akasema. "Kijana, wewe unajua kazi."

Eliakim akapaka, akasugua, akahubiri habari za upepo. Jelagat alisikiliza yote kama mtu aliye kanisani.

"Sawa. Nikikuachia gari, wewe unaniachia nini? Mimi sikujui."

"Mathe, uso wangu hautoshi?"

"Uso utaenda nao. Hiyo pikipiki ni ya nani?"

Eliakim akashtuka. Pikipiki ile ndiyo kitu pekee maishani mwake alichonunua kwa haki. Alibeba magunia ya mahindi miaka mitatu kabla ya kugundua kwamba ulimi ni mwepesi kuliko gunia. Aliiosha mwenyewe kila jioni, na hakuthubutu kuipaka nta yake.

"Hiyo ni kama mtoto wangu."

"Na gari yangu ni kama kuku?"

Simu ikalia. Mjomba wa bibi arusi alikuwa akipiga kelele: "Uko wapi bana? Huyu msichana ameshavaa, anaanza kutoa jasho!" Jelagat alikuwa tayari ameandika karatasi, ati ya kuweka pikipiki dhamana. Eliakim akatia sahihi bila kusoma, akamwachia ufunguo wa pikipiki, na Phelista akaitwa kuwa shahidi, akagandamiza kidole chenye mafuta ya mandazi.

Misikhu walimpakia bibi arusi na shangazi watatu. Gari lilikwenda vizuri mpaka kwenye matuta karibu na Webuye. Pale likapunguza mwendo, likanyamaza, likakataa kabisa.

"Tusukume," akasema shangazi Edah, mwanamke wa vitendo.

Jua lilikuwa limewaka na nta imeyeyuka. Shangazi wakasukuma, mikono ikateleza. Edah akaangukia buti la gari kifudifudi, gauni lake la zambarau likatoka na rangi ya chai.

"Wewe! Hii gari umeipaka samli?"

Bibi arusi akapandishwa pikapu ya kabichi, akaenda kuolewa. Ndipo wanaume wawili wakashuka kwenye gari jingine.

"Wewe ndiye mtu wa nta? Hii gari ni yetu, tulimkodishia mama Jelagat jana. Amepiga ripoti kwamba umeiiba akinunua mandazi. Ina kifaa cha kuifuatilia, tumeizima kutoka ofisini."

"Mimi? Si nimemwachia pikipiki iwe dhamana!"

"Ametutumia picha ya karatasi. Inasema pikipiki umemuuzia, na pesa umepokea. Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa yake, tena ya kujivunia, yenye mkia. Wakaliwasha tena lile gari jeupe, wakaondoka nalo. Eliakim wakamwachia shangazi.

Walipomaliza naye, alikaa kando ya barabara, akampigia Jelagat mara saba. Kisha akaandika: "Mathe, umenishinda. Pesa ya nta sitaki. Hata ya harusi nikilipwa nakutumia yote. Nirudishie tu pikipiki yangu. Tafadhali. Huwa haiwaki vizuri asubuhi kukiwa na baridi, uwe unaivumilia."

Tiki mbili zikatokea, zikageuka buluu. Eliakim akaendelea kuitazama simu.