Kiti cha Dirishani kwenye Ndege ya Timu

Jumatatu, 3 Juni. Mwaka wa thelathini na nane tangu nihamie huku.

Nimepata cheo! Mwangalizi wa Maji, uwanja wa mpira wa magongo. Kazi ni ya kujitolea, lakini fulana ni mpya. Nyasi za pale ni bandia, na mechi za kimataifa hazichezwi pakavu: lazima uwanja uloweshwe kabla ya kuanza, na tena wakati wa mapumziko, ili mpira uteleze. Nimekabidhiwa koki mbili ndani ya kibanda nyuma ya jukwaa. Moja inalowesha upande wa saa kubwa, nyingine upande wa maegesho. Maelekezo yamebandikwa ukutani. Nimeyasoma mara mbili. Yana koma moja isiyo mahali pake.

Sikuomba kazi hii kwa mapenzi ya koki. Timu ya wanawake ya kwetu inakuja! Jumamosi wanacheza na timu ya huku, na mshindi anakwenda Kombe la Dunia. Golikipa wa huku ni mjukuu wangu. Mwenye fulana anapita mlango wa wachezaji. Fundi viatu hana fulana.

Huyu fundi viatu alitoka kwetu miaka miwili baada yangu, na bado anajiita mkongwe. Ndiye aliyenibandika jina la Mzee Sanduku, kwa sababu sanduku langu liko mlangoni, limefungwa, tangu nifike. Kila mwaka nasema mwakani narudi. Kila mwaka ananiuliza mwakani ya lini.

Jumatano, 5 Juni.

Hotelini, kuwapokea mabinti wa kwetu. Nilivaa koti. Waliniita babu, wakapiga picha nami. Wanaongea haraka mno, na maneno mengine ni mapya kabisa. Nilicheka walipocheka wao.

Meneja wao, mama mmoja wa sauti nene, akaniuliza nyumbani nilikuona lini mara ya mwisho. Ningejibu kwa unyenyekevu, lakini nyuma yangu alikuwa amesimama fundi viatu. (Ameingiaje? Ameshona kiatu cha nahodha. Mjanja!) Basi nikapaza sauti: sanduku liko tayari, ninachokosa ni usafiri tu.

Meneja akapiga makofi. Akasema wakishinda, serikali inatuma ndege maalumu kuwachukua, na kiti kimoja ni changu. "Cha dirishani, mzee wangu!" Wasichana wakapiga vigelegele. Fundi viatu aliwashinda wote kwa vigelegele.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Aliendelea kukunja nguo. Akauliza zawadi nitampelekea nani. Nikafikiri. Kaka zangu wote wawili ni marehemu. Nyumba yetu, niliambiwa kwa simu, sasa ni kituo cha mafuta. Palipokuwa na chumba cha mama wanajaza magurudumu upepo. Nikasema nitampelekea mwenye kituo. Hakucheka. Akasema basi nitoe kwanza mablanketi yake ndani ya hilo sanduku. Nikayatoa.

Alhamisi, 6 Juni.

Fundi viatu ametangazia mtaa mzima. Kinyozi ananyoa wateja huku akiwauliza nani atarithi zamu yangu ya kunyolewa asubuhi. Mama wa mikate amenipa mkate wa kuagana. Nimeula. Sasa nina deni la kuondoka.

Nimetafakari. Njia ni moja ili ndege isije: kwetu wafungwe. Lakini nani atalitamka hilo? Mimi, niliyewafundisha watoto wa watu wimbo wa taifa wa kwetu, tena ule wa zamani!

Mjukuu alipita kunywa chai. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, mpira gani unamsumbua golikipa. Akasema nyasi zikilowa sana, shuti linafika kabla hujapepesa jicho. Zikiwa kavu, mpira unafia njiani. Halafu akanikazia macho. "Babu, unauliza kwa niaba ya nani?" Nikasema sayansi.

Mpango umekamilika. Mjukuu hupenda kuanzia upande wa saa kubwa. Koki ya saa nitaibana. Koki ya maegesho nitaiachia yote. Mashuti ya kwetu yatafia njiani, ya huku yatafika. Hakuna atakayeumia. Nina akili bado!

Jumamosi, 8 Juni.

Nilisahau sarafu.

Kabla ya mechi refa hurusha sarafu, na mshindi huchagua upande. Nahodha wa kwetu akashinda. Akachagua saa kubwa! Mjukuu wangu akaenda kusimama maegesho, kwenye kidimbwi nilichomwandalia kwa mikono yangu.

Mashuti ya huku yakafika kwenye ukavu na kulala. Ya kwetu yakaruka majini kama samaki. Dakika ya kumi na moja, bao. Kwetu moja, huku bila! Jukwaani fundi viatu akanionyesha kwa mikono jinsi ndege inavyopaa.

Mapumziko. Nikakimbilia kibandani, nikageuza kila kitu: saa kubwa maji tele, maegesho tone. Nikatoka nikijipangusa jasho, nimeridhika. Ndipo timu zikarudi uwanjani, zikabadilishana upande. Kwa hiyo mjukuu akaenda saa kubwa. Kwenye maji. Tena!

Ningekaa kimya, nikanywa soda, ungekuwa upande wake mkavu. Jambo hili sitamwambia mtu.

Huku wakasawazisha mwishoni kabisa, sijui vipi, nilikuwa nimefunika uso kwa fulana. Moja kwa moja. Ikaja mikwaju: mchezaji mmoja anakimbia na mpira, peke yake, dhidi ya golikipa, kwa sekunde nane. Na refa akaamua ipigwe wapi? Upande wa saa kubwa.

Wakaenda sare hadi mikwaju ya mwisho; huku wakafunga wao, akabaki mpigaji wa mwisho wa kwetu. Nahodha mwenyewe, na kiatu chake kilichoshonwa. Akamvuta mjukuu kushoto, akapita kulia, goli likabaki wazi. Nikaliona dirisha la ndege. Nikaiona pampu ya upepo palipokuwa na chumba cha mama. Akausukuma mpira mbele kidogo tu. Ukagusa maji yangu, ukateleza, ukalikimbia gongo lake, mjukuu akajitupa na kuupiga teke hadi kwenye mabango ya matangazo.

Huku wameshinda! Nilikaa chini palepale kando ya uwanja, kwenye maji. Watu wakadhani nalia kwa ajili ya kwetu; meneja mwenyewe akaja kunipangusa. Aibu. Lakini pumzi niliyoishusha, nadhani ilikuwa imekaa kifuani tangu Jumatano. Au zaidi.

Mjukuu akaja, soksi zinachuruzika. Akanikumbatia. Akasema upande wake ulikuwa bwawa, vipindi vyote viwili, na sayansi yangu ipelekwe hospitali.

Jumapili, 9 Juni.

Meneja kapiga simu asubuhi. Ndege maalumu haipo, wanapanda ya kawaida jioni. Lakini mtunza vifaa wao ametoroka hotelini, hajulikani alipo, na kiti chake kiko wazi. Cha dirishani. Nije na sanduku.

Nikamwambia siwezi, nyasi zinanitegemea. Akasema mashindano yamekwisha. Nikasema ndiyo maana: sasa ndipo zinahitaji uangalizi. Akanitakia afya njema, kwa upole, kama anayemwelewa mtu. Sikupenda.

Mchana nikapita kwa fundi viatu. Ndani, nyuma ya pazia, alikuwa amekaa kijana mwenye fulana ya timu ya kwetu, anakunywa uji wa fundi. Mtunza vifaa! Akaniamkia vizuri. Akasema anakaa mwaka mmoja tu, akusanye kidogo, mwakani anarudi. Fundi viatu alitazama sindano yake. Nami nikatazama viatu vya watu.

Kijana akauliza begi lake aliweke wapi. Nikamwambia mlangoni.

Kisha fundi akapata nguvu za kuniuliza, Mzee Sanduku, vipi safari? Nikamweleza kwamba timu inakuja tena baada ya miaka miwili, na safari hiyo naondoka nayo, washinde wasishinde. Fulana nimeshaiomba, na koki nitaziwekea alama za rangi nisichanganye. Kijana akasema basi huenda tukapanda ndege moja. Nikamwambia nitampisha dirishani.

Nimerudi nyumbani. Mablanketi yako ndani ya sanduku, mke wangu ameshayarudisha, wala hakuniuliza.

Kwetu sitarudi.