Sikio la Kushoto la Kastori

Jumatatu, 18 Aprili 1983

Mvua. Matope mpaka magotini. Kiwandani hakuna kazi tena. Mabati hayajaja kutoka bandarini, fedha za kigeni hakuna, na ndoo haitengenezwi kwa maneno. Ingekuwa kwa maneno, mimi peke yangu ningeijaza Moshi nzima.

Meneja katuita kantini. Mtu wa kusini, mpole, huongea kama anayeomba radhi. Kasema watu watapunguzwa. Kila mashine itabaki na mtu mmoja. Tutaambiwa Mei Mosi, baada ya mchezo wa kuigiza, ili watu wawe wamecheka kwanza.

Mashine ya kutia mikono ya ndoo ina watu wawili: mimi, Crispin, na Kastori. Tumesimama hapo pamoja tangu mashine ikiwa na rangi. Huyu ni zaidi ya ndugu. Mwanangu wa pili alipougua, nami nipo mpakani Holili kwa mambo yangu, Kastori ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Kwa hiyo roho imeniuma sana nikifikiria jinsi atakavyoondoka.

Jumatano, 20 Aprili

Bernadetha, karani wetu, ndiye mtunzi wa mchezo. Unaitwa "Mmoja Abaki". Marafiki wawili kiwandani. Mmoja anamchongea mwenzake ili abaki yeye. Mchongeaji anajuta, anaomba msamaha, ananyimwa, anakufa.

Nikaomba niwe meneja. Nikamwonyesha na mwendo wake, ule wa kutembea kama viatu ni vya kuazima. Kakataa. Meneja atakuwa Filemon wa stoo kwa sababu ana suti. Mimi mchongeaji. Mimi! Nikauliza kwa nini. Kasema uso wangu unamrahisishia kazi.

Kastori kapewa kuchongewa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Faraja ipo: kile kifo. Mimi niliyeangalia sinema Nairobi, nikakaa mbele kabisa, kufa nakujua. Nimemwambia Bernadetha anipe muda wa kutosha. Kasema nife haraka, watu watakuwa na njaa.

Ijumaa, 22 Aprili

Nimepita ofisini kwa meneja. Kusalimia tu. Mazungumzo yakaenda yenyewe. Nikasema Kastori ni kijana mzuri, lakini moyo wake uko kwenye migomba ya mama yake kule Kibosho. Kumpunguza itakuwa kumfungulia mlango wa kizuizini. Halafu, kwa huruma, nikagusia sikio lake la kushoto. Limekufa kwa kelele za mashine. Ni hatari kwake, maskini.

Si uongo. Nikimwomba sigara upande ule huwa hasikii kabisa.

Meneja kaguna. Mguno mzuri. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu Dafroza kauliza nimefanya nini. Nikasema nimemsaidia Kastori. Kasema, "Mungu amhurumie."

Jumanne, 26 Aprili

Siku mbaya! Mbaya!

Asubuhi Kastori kaja mashineni anacheka. Eti meneja kamsimamisha uani, kamzunguka, kamnong'oneza kitu upande wa kushoto, kisha kamuuliza sikio linaendeleaje. Kastori kadhani mzee amechanganyikiwa kwa kukosa mabati. Nami nikacheka. Nilicheka vizuri mno.

Jioni mazoezi. Tumefika pale ninapomchongea mwenzangu kwa meneja, yaani Filemon ndani ya suti. Bernadetha hakupenda maneno aliyoyaandika. Kasema yamelala. Kaniambia niyaache, niseme kitu ambacho mtu angesema kweli kumwangusha rafiki yake.

Nikafumba macho. Ufundi ukanipanda. Nikasema moyo wake uko kwenye migomba ya mama yake, na sikio lake la kushoto limekufa, maskini. Sauti ikatetemeka mahali pake. Nikajisikia vizuri sana.

Nikafumbua macho nikitegemea makofi.

Likaja kofi. Moja. La Kastori, na halikuwa la mchezo.

Kasema, "Kumbe ni wewe, mbe!" Hilo mbe, yaani bwana, hakulisema kwa heshima. Kaondoka. Bernadetha kabaki ameshika kichwa, anasema ile sehemu imekuwa safi sana, ibaki hivyo hivyo.

Alhamisi, 28 Aprili

Kastori hasemi nami. Anafanya mazoezi kwa sababu kaahidi, lakini anaongea na ukuta nyuma yangu. Mashineni kasogeza kigoda chake. Chakula cha mchana kala na wale wapaka rangi wa ndoo, watu wa rangi. Watu wa rangi! Hata utani hawajui.

Nimetuma salamu kupitia kwa Filemon. Jibu: Kastori kasema sikio lake halikusikia.

Kwenda nyumbani kwake siwezi. Yupo mama yake, Mama Mektrida, mwanamke mwenye mkono wa kupukuchulia mahindi, naye keshaambiwa. Usiku sikulala. Si kwa ajili ya kazi. Ajabu! Nilikuwa namkumbuka akipanda ule mteremko na mwanangu mgongoni.

Dafroza kanitazama, kasema neno moja. "Sale."

Kwetu mtu akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, mambo yamekwisha: unasamehe, utake usitake. Kulikataa hakuna anayethubutu, hasa mbele ya wazee. Dafroza alimaanisha niende nalo Kibosho kwa miguu, kichwa chini. Lakini mimi kichwa changu hakikai chini. Kimepata kitu.

Jumapili, 1 Mei

Kantini imejaa mpaka madirishani. Meneja mbele, katikati. Pembeni yake wazee wa Kibosho walioalikwa, na Mama Mektrida, mikono kifuani.

Mchezo ukaenda. Nilipochongea, watu walinizomea mpaka mapazia, yaani shuka mbili za Bernadetha, yakatikisika. Mama mmoja kanirushia ganda la ndizi. Sijawahi kupendwa hivyo.

Ikafika sehemu ya msamaha. Kwenye mchezo ulivyoandikwa nampigia magoti, Kastori anageuka, anaondoka. Nikapiga magoti. Nikaingiza mkono kwenye shati. Nikatoa sale! Bichi, limefungwa fundo.

Kastori kaangalia jani. Kaniangalia mimi, si ukuta. Kasema meno yakiwa yamebana, "Crispin, hili halipo kwenye mchezo." Nikajibu chini chini kwamba najua. Nilitaka kuongeza kitu cha kuchekesha. Badala yake machozi yakanitoka, na wala sikuwa nimeyapanga.

Nyuma ya pazia Bernadetha anamnong'oneza aondoke. Kastori hajui aangalie wapi. Kisha Mama Mektrida kasimama. "Kastori! Unangoja nini? Pokea!"

Kapokea. Vigelegele! Wazee wakaimba. Kastori kaniinua, kanikumbatia, kanibana mbavu zaidi ya ilivyohitajika.

Sasa balaa: kifo changu. Nimekifanyia mazoezi majuma mawili. Nikaanguka, nikaanza kutetemeka. Watu wakapiga kelele, "Amesamehewa huyo! Anakufa nini?" Nikaendelea. Mzee mmoja kapanda jukwaani kanipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ninywe nipone. Nikanywa. Nikapona. Mchezo ukaishia hapo. Bernadetha kaketi juu ya ndoo analia.

Meneja kauliza jirani yake lile ni jani gani. Kaelezwa. Kavua miwani, kafuta. Kisha kasimama kutangaza. Mashine baada ya mashine. Alipofika kwetu kasema anabaki Kastori.

Masikio yangu yote mawili yalikufa.

Kastori kanyoosha mkono. Kasema kashapokea sale mbele ya mama yake. Hawezi kesho kuingia kazini akaniacha getini. Kaomba nafasi moja tugawane, wiki yangu, wiki yake. Meneja kasema kitu hicho hakijawahi kufanyika. Mama Mektrida kasimama tena. Meneja kakubali.

Tumeteremka njiani pamoja, tumelowa. Kanipa sigara bila kuombwa. Nimeapa moyoni kwamba mtu huyu sitamgusa tena hata kwa ncha ya ulimi.

Jumatano, 11 Mei

Wiki ya Kastori. Wiki yangu ilikwenda haraka mno, yake inatambaa. Nyumbani Dafroza ananichunga kama mbuzi, nimelimia kahawa mpaka mikono imeota malengelenge.

Leo nimepita ofisini kwa meneja. Kusalimia tu. Mazungumzo yakaenda yenyewe. Sikusema neno juu ya sikio. Mtu hujifunza! Nikagusia macho. Nikasema Kastori macho yake siku hizi yanamsumbua, na mashine ile haitaki mtu wa kubahatisha. Nasema kwa faida yake.

Meneja kaniambia Kastori alikuwa hapo jana, kwenye kiti hicho hicho nilichokalia. Kaja kuomba niwe naingia mimi wiki mbili, yeye moja, kwa sababu nina watoto saba wa kulisha.

Nikashika kifua. Rafiki gani huyu! Nikamsogelea meneja mezani.

Nikamwambia ndiyo macho yenyewe hayo ninayoyasema. Watoto wangu ni sita.