Kituo cha Chini ya Ardhi, Kapsoit

Jumatatu, 10 Novemba 1997
Makomredi wa vizazi vijavyo mtakaoikuta shajara hii, mapambano yameingia ardhini. Chuo kimefungwa; niko nyumbani Kapsoit, nikigombea uenyekiti wa chama cha wanafunzi wa hapa. Kura Jumamosi. Leo nimepata postikadi ya Mjapani aliyetufundisha sayansi sekondari: Kyoto wamefungua kituo cha treni za chini ya ardhi, mbele ya kasri la kale la Nijo. Unapanda ngazi, kasri hilo hapo. Na sisi? Kasri letu ni banda la kupimia majani chai, lililojengwa kwa jasho la mkulima. Kituo tutachimba. Mpinzani wangu Kiplimo, anayesomea kilimo, anaahidi mpira mpya. Fikra fupi.

Jumanne, 11 Novemba
Shangazi Drusilla ametupatia nafasi kando ya banda. Aliuliza treni itatoka wapi. Nikamjibu kwamba historia hutangulia reli. "Basi chimba," akasema, "lakini usiguse chai yangu."

Alhamisi, 13 Novemba
Mita mbili, na mteremko wa abiria. Komredi Onyiego, mchimbaji wangu wa pekee, aliuliza kama mwenyekiti naye hushika jembe. Nikamweleza mgawanyo wa kazi. Akanitupia jembe. Kiplimo alipita, akapima mteremko kwa hatua. "Kipngeno, hii umetoa sawasawa kabisa." Ametishika.

Jumamosi, 15 Novemba
Nilifika na hotuba ya kurasa tisa. Kituo kimejaa nyasi za nepia! Kiplimo aliwaambia akina mama kwamba hilo ni shimo la saileji, la kuhifadhia chakula cha ng'ombe, tena limechimbwa kitaalamu. Wote wamo ndani, wapiga kura na Onyiego, wanakanyaga nepia ishikane, wanaimba. Nikapaza sauti kwamba wanakanyaga mustakabali. "Ingia basi ukanyage na sisi," akasema Sally, katibu wa chama. Nikaingia. Nakiri, nilicheza. Kura zikapigwa humo humo: Kiplimo mikono ishirini na tisa, mimi mikono miwili, yote yangu.

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya kanisa, akina mama watano walinizunguka, kila mmoja akiomba shimo. Nimeelewa sasa: umma haukukataa kituo, ulikataa kituo kimoja. Mashamba matano, vituo vitano. Hiyo ni njia nzima ya reli hadi Soin. Kiplimo atatupimia miteremko. Naye tumemvuta upande wetu. Makomredi, tunakutana kesho saa tatu asubuhi kwa Mama Chepchirchir, mmoja wa wale watano, kila mtu na jembe lake.