Baiskeli Inayokwenda kwa Honi

"Hebu soma tena hapo," Kinyozi alisema, mashine ikimngurumia mkononi juu ya kichwa cha Mstaafu.

Mstaafu, shuka jeupe shingoni na gazeti magotini, akakohoa kikohozi cha ofisini. Mzee huyu alikaa idara ya leseni mpaka viti vikachakaa akaviacha, na hata leo akisoma tangazo la mbuzi aliyepotea utadhani anasoma sheria.

"'Mkulima mmoja ameigeuza baiskeli yake ya kawaida kuwa ya umeme kwa kutumia vyuma chakavu. Wataalamu wamempongeza. Kamati imeundwa kuchunguza iwapo chombo hicho ni baiskeli au ni pikipiki.'"

"Kamati!" Shangazi Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. "Kwani wakikitazama hawaoni?"

"Kutazama si kazi ya kamati. Kamati inakaa. Na mimi naiunga mkono. Chombo kinachokupeleka bila jasho ni anasa, na anasa lazima iwe na leseni."

"Basi na wewe ukate leseni," Shangazi akamwambia. "Tangu ustaafu sijakuona ukitoka jasho."

Benchi letu liko kati ya karakana ya Fundi Spoki, mtengeneza baiskeli, na kibanda cha Kinyozi. Shangazi Birika anauza kahawa katikati. Mimi nashona viatu huku mwisho wa benchi, nilikosukumizwa na watu wenye makalio mapana kuliko yangu. Siku hiyo Kinyozi alikuwa amekitoa kiti chake nje, waya ukaburutwa mlangoni, akidai ndani kuna joto. Uongo mtupu. Alikuwa hataki kupitwa na soga.

"Huyo mkulima kachelewa," Fundi Spoki akasema kutoka mlangoni kwake, akijifuta grisi kwa kitambaa kilichokuwa na grisi kuliko mikono. "Sisi tumemaliza tangu alfajiri."

"Sisi nani?" Kinyozi akamgeukia. "Wewe juzi umeziba pancha upepo ukatokea kwenye valvu, leo umekuwa mtaalamu wa umeme?"

Fundi akakitupia kitambaa begani. Aliingia ndani akatoka na baiskeli ya Baba Mikate, msambaza mikate wetu. Tuliijua wote, ila ilikuwa imenenepa. Juu ya tairi la nyuma alikuwa ameifunga mota ya feni ya rejeta ya gari, imekaza gurudumu lake dogo la mpira juu ya tairi. Katikati ya fremu kulining'inia gunia lililoshonwa kwa kamba, ndani yake kitu kizito.

"Hiyo mota inasukuma tairi," Fundi akaeleza, "tairi linasukuma baiskeli, na baiskeli inamsukuma Baba Mikate."

"Na humo kwenye gunia?" nikamuuliza.

"Nguvu," akajibu, akageuka haraka kukaza nati ambayo ilikuwa imekaza tayari.

Baba Mikate mwenyewe akafika wakati huo huo akisukuma mkokoteni wenye kreti la mikate, bado inatoa mvuke. Hakusalimia kwa mbwembwe zake za kila siku. Alikaa benchini, akanyoosha mguu mmoja kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, ni leo," akasema. "Tajiri wa tanuri kasema hivi: duka la shule kule kilimani linataka mkate wa moto. Atakayetangulia kufika leo, mimi au yule kijana wa pikipiki, njia ni yake. Nikiikosa ile njia nabaki na baiskeli na magoti, na magoti yenyewe mnayaona."

Hapo hata Mstaafu alikunja gazeti. Kilima kile tunakiona kutoka kwenye benchi. Ni barabara moja inayopanda kwa mizunguko, na kwa miaka yote tumekuwa tukimwangalia Baba Mikate akikipanda kila asubuhi, siku hizi akishuka na kusukuma mapema zaidi kuliko zamani. Nilikuwa nikimwonea huruma kimyakimya. Kumwonea mtu huruma kwa sauti kijiweni ni kumtukana.

"Penye nia pana njia," Fundi akasema. "Panda. Ukitaka kwenda, bonyeza hapa."

Baba Mikate akapanda, akabonyeza. Honi ya gari ikalia paaah, na baiskeli ikaruka mbele kama imekanyagwa mkia. Akaachia. Ikanyamaza, ikasimama.

"Fundi," Shangazi akasema akijishika kifua, "mbona inapiga kelele?"

"Nilikuwa na kitufe kimoja tu. Nikafunga waya za mota na za honi pamoja."

"Kwa hiyo akitaka kwenda, anapiga honi," Kinyozi akasema polepole, mashine imekaa juu ya sikio la Mstaafu.

"Eeh."

"Na mtu akikatiza mbele yake, akimpigia honi ampishe?"

"Anaongeza mwendo."

"Yaani kadiri anavyokuonya ndivyo anavyokugonga!"

"Ndiyo maana watapisha mapema," Fundi akasema bila aibu. "Mimi naona ni usalama huo."

"Hapana!" Mstaafu akanyoosha kidole kutoka chini ya shuka. "Hicho chombo hakina leseni, hakina kundi, hakina hata jina. Baiskeli inapigwa kengele, gari linapigwa honi. Hiki kitaandikwa wapi?"

"Kiandike kwenye mkate," Baba Mikate akasema. Tukafunga kreti nyuma, akajivuta shati. Mbali kwenye barabara ya tanuri tukasikia pikipiki inawashwa. Baba Mikate akatutazama mara moja, akabonyeza kitufe, paaaaaah, kuku wa mtaa mzima wakapanda juu ya mapaa, naye akaondoka akiwa ameinama mbele utadhani anasukumwa na mdai.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Kinyozi akasema, akarudi kwenye kichwa cha Mstaafu. Alikuwa amemaliza upande wa kulia. Akaiweka mashine upande wa kushoto, na umeme ukakatika.

"Yaleyale," Mstaafu akalalamika. "Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupigwa picha za vitambulisho vya wastaafu!"

"Tulia mzee wangu. Hapa si kwa wale vinyozi wa kubahatisha." Kinyozi akavimba. "Nina betri yangu ya akiba, betri ya lori! Umeme ukatike wiki nzima, mimi nanyoa."

Akaingia nyuma ya kibanda. Tukasikia kifuniko cha boksi kikifunguliwa. Akatoka ameshika tofali kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Nani kaniwekea tofali kwenye boksi la betri?"

Sote tukamtazama Fundi Spoki. Fundi akatazama kilima.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," akanong'ona.

"Umeiba betri yangu!"

"Nimeazima! Nikaweka na tofali, boksi lisijisikie jepesi."

"Baba Mikate anajua?"

"Hajui. Kaniuliza, nikamwambia nguvu."

Kinyozi akalitupa tofali, akapandisha suruali. "Bado hajafika mzunguko wa pili. Namkimbilia. Namrudisha!"

Kweli, angemuwahi. Kile chombo kilikuwa kinapanda kwa kelele nyingi na mwendo mdogo, na pikipiki ilikuwa mbele yake. Mimi nikasimama, sindano mkononi, sijui nimzuie nani. Shangazi akasema, "Wee, ukimrudisha umemuua," na Kinyozi akamjibu, "Na mimi je? Na hiki kichwa je?"

"Kichwa ni changu," Mstaafu akasema.

Tukageuka. Mzee alikuwa amekaa wima, nusu ya kichwa inang'aa, nusu ina mvi za kutosha kujaza mto.

"Muacheni aende. Mimi nilitolewa ofisini na mashine ya kompyuta. Walinipa saa ya ukutani wakanipigia makofi. Sasa hivi natazama saa hiyo kutwa, haina pa kunipeleka." Akavuta shuka shingoni. "Keti, Kinyozi."

Kinyozi akaketi. Tukabaki tunasikiliza honi ikizunguka kilima, paaaah, paaaah, ikififia, halafu isisikike tena.

Kahawa ilikuwa imeshapoa Baba Mikate aliporudi. Alikuwa anateremka kwa mteremko tu, honi kimya, kreti tupu, meno yote nje.

"Nimefika wa kwanza!"

"Umeipita pikipiki?" Fundi alipiga kelele. "Na ile mota?"

"Wapi! Haikuwa na mwendo wa kumpita hata mbuzi. Yule kijana alisikia honi nyuma yake haikatiki, haikatiki, akajua ni msafara wa mkubwa. Akaegesha kando, akazima pikipiki, akavua na kofia. Nikampita nikampungia mkono. Mpaka anazinduka, mwenye duka ananusa mkate. Njia ni yangu!"

Shangazi alipiga kigelegele. Fundi alitaka kubebwa, hakupata mtu. Hata Kinyozi alicheka, kisha akakumbuka, akalikimbilia gunia na kuichomoa betri yake, akaifunga kwenye mashine, akabonyeza. Mashine ikasema krr, mara moja, ikafa.

"Imekwisha yote," Baba Mikate akasema kwa haya. "Ile honi inakula sana."

Mstaafu akajipapasa kichwa, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akatazama mtaa aliotakiwa kuupita mpaka kwa mpiga picha: soko, msikiti, kanisa na shule ya wajukuu zake. Akasimama, akakunja shuka vizuri, akampa Kinyozi.

"Fundi Spoki," akasema, "hiyo honi ifungue kwenye baiskeli unifungie mimi. Nami nataka wapishe kando bila kuniangalia."