Refa, Kavae Miwani!

Jumatatu, 9 Juni

Barua imefika kutoka shuleni kwa binti yangu. Nimefungiwa! Siruhusiwi kukanyaga ukumbi wa mpira wa kikapu msimu mzima. Kosa langu: kumwambia refa akavae miwani. Mimi nauza miwani. Nilikuwa natoa ushauri wa kitaalamu. Kwa sauti, nakubali, na mara kumi na nne, lakini ukumbi wenyewe ulikuwa na kelele.

Barua inasema adhabu itafutwa nikimwomba refa huyo radhi kwa maandishi. Mistari mitatu inatosha. Mistari mitatu! Kwa Kipenga! Huyo ndiye mkuu wa waamuzi wa mashule, na watoto wamempa jina hilo kwa sababu hata akikusalimia unahisi umefanya faulo. Simwandikii ng'o.

Ila kuna jambo. Jumamosi ya wiki kesho ni nusu fainali. Binti yangu ndiye namba saba, na anamaliza shule mwaka huu. Wakifungwa ndiyo basi, sitamwona tena akicheza. Nilikaa jikoni na ile barua, moyo ukaniuma kweli. Mke wangu akaniletea kalamu. Nikamwambia imekauka wino.

Jumanne, 10 Juni

Mungu mkubwa! Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya duka letu. Waamuzi wa mpira wa kikapu, shule za sekondari, wanahitajika haraka. Kozi ya wiki moja. Aliyefungiwa ni mtazamaji. Kuhusu refa, barua haikusema neno.

Masharti nimeyasoma. Umri, sawa. Mwenendo mwema, sawa. Cheti cha macho. Hapo nikacheka peke yangu. Nina miaka tisa katika duka la miwani, na ule ubao wa herufi naufuta vumbi kila asubuhi. Wala macho yangu hayana shida yoyote. Ni saa ya ukutani tu pale dukani imeingia ukungu, na mabasi siku hizi yanaandikwa vibaya.

Daktari wa macho, ambaye ndiye bosi wangu, akanikalisha na kuniziba jicho moja. Nikasoma ubao wote bila kuvuta pumzi. Nikanogewa, nikateremka hadi chini kabisa, nikasoma anwani ya kiwanda na mwaka uliochapishwa. Daktari akausogelea ubao, akainama, akavaa miwani yake, akasema kweli imo. Macho ya namna hii hajapata kuyaona. Cheti mkononi!

Alhamisi, 12 Juni

Kozi imeanza katika darasa la kidato cha kwanza. Viti vidogo, magoti yamenifika kidevuni. Na mwalimu wetu ni nani? Kipenga mwenyewe! Nusura nitokee dirishani. Kumbe uso wangu haujui. Siku ile nilikuwa juu kabisa jukwaani, nyuma ya mzazi mmoja mwenye kofia pana. Anachokijua ni sauti. Ametuambia kuna sauti ya mzazi mmoja ambayo hata akiwa usingizini ataitambua. Tangu hapo naongea kama kitoto cha paka. Nimesema koo linaniwasha.

Somo la leo, mwenendo wa mwamuzi. Haongei na watazamaji. Hashangilii. Anafika saa nzima kabla ya mchezo, shati limenyooshwa, kucha fupi, pete imevuliwa. Na hachezeshi timu yenye ndugu yake. Kuna fomu ya kutaja undugu na mchezaji yeyote. Nikaandika: hakuna.

Kisha Kipenga akatoa mfano wa mtazamaji mkorofi. Nilikuwa mimi! Alinieleza dakika ishirini. Ikabidi niandike maelezo yangu mwenyewe daftarini na kuyapigia mstari.

Yupo pia mwalimu wa hesabu. Kijana, shati jeupe, anajibu swali kabla halijaisha. Simpendi.

Ijumaa, 13 Juni

Mbio! Unakwenda na kurudi uwanjani, na mlio ukilia lazima uwe umefika mstarini. Mwalimu wa hesabu alikimbia huku akituhesabia. Mimi mzunguko wa saba nikaona nyota, saa nne asubuhi. Nikainama kufunga kamba za viatu. Kipenga akasema viatu vyangu havina kamba.

Nimepita, kwa kuwa tulikuwa sita na nafasi ni sita. Nyumbani mke wangu amenikanda miguu kwa maji ya moto. Akauliza kama siku hizi dukani tunafukuzana na wateja. Nikasema ndiyo, tena wakaidi.

Jumatano, 18 Juni

Mtihani wa maandishi nimeshinda! Hamsini na moja kwa mia. Ya kushinda ni hamsini, kwa hiyo moja nimeitoa bure. Mwalimu wa hesabu kapata mia, ovyo. Tumepewa filimbi na mashati ya mistari.

Kisha ratiba. Nusu fainali ya wasichana, mwamuzi wa pili: mwalimu wa hesabu. Mimi: vidato vya kwanza, uwanja wa nje, saa mbili asubuhi. Damu ikanichemka.

Nikatumia akili. Nikamfuata nje, nikamwuliza kwa kale kasauti kangu kama ana hakika, mbele ya Mungu na mbele ya kanuni, kwamba katika timu zile hamjui hata mchezaji mmoja. Akakunja uso. Akakumbuka kwamba yeye aliwahi kumfundisha mmoja wao sehemu na desimali, likizo fulani. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Basi kijana wa watu akarudi ndani mbio, akajiondoa mwenyewe! Kipenga akasema huyu ndiye mwamuzi wa kweli, tumpigie makofi. Mimi ndiye niliyepiga kuliko wote. Nafasi yake nimepewa mimi.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika jioni hii nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya nyumba. Ndani hakuna anayetaka kuniona.

Asubuhi niliaga naenda kazini, shati la mistari chini ya koti. Ukumbi ulijaa. Binti yangu aliponiona katikati ya uwanja, mpira ukamdondoka. Nilimtazama usoni kama nisiyemjua. Jukwaani sikumtambua mtu. Kule juu kulikuwa na ukungu mtupu, nadhani hawafungui madirisha.

Mchezo ukaanza. Wasichana kumi wanakimbia, na namba zao zimeandikwa vibaya kama za mabasi. Faulo ya kwanza nikaionyesha meza ya alama kwa vidole: saba. Ya pili: saba. Ya tatu: saba. Moyoni nikajisifu. Refa gani mwingine angeitendea damu yake haki namna ile? Hapo binti yangu akanisogelea, akaninong'oneza kwamba anayesukuma ni mwenzake, namba moja. Kubishana na mwamuzi! Faulo ya nne. Kidogo tu, ya tano, na tano ndiyo mwisho wa mchezaji. Nje. Alikuwa amecheza dakika nane.

Ndipo sauti ikapasua ukumbi. Refa, kavae miwani! Mara ya pili. Mara ya tatu. Kipenga, aliyekuwa amekaa pembeni akitukagua, akaniashiria: mtazamaji mkorofi, timiza wajibu wako. Kanuni naijua, niliipigia mstari. Nikasimamisha mchezo, nikanyoosha mkono, nikaelekea jukwaani kumtoa. Zilipobaki hatua tano ukungu ukaondoka. Mke wangu! Yeye alinitambua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa sijamwona.

Akaniuliza, ukumbi mzima ukisikia, nikimtoa yeye leo nitarudi kwenye nyumba ipi. Nikasahau koo. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kuzaliwa: mama watoto, usinivunjie heshima kazini!

Kipenga akasimama polepole, uso umemnyooka, kama mtu aliyepata funguo zake zilizopotea.

Tumetolewa wote wawili, mke wangu kwa kelele, mimi kwa kila kitu. Binti yangu akabaki kwenye benchi, kajifunika taulo. Kipenga akachezesha mwenyewe sehemu iliyobaki, na kusema kweli sikuona kosa lake hata moja. Nilikuwa nje. Tulisikia kupitia ukutani tu kwamba wameshinda kwa alama moja. Wameingia fainali.

Jumapili, 22 Juni

Mchana binti yangu amekuja kukaa karibu nami. Akasema zile faulo yeye hazijali. Alichotaka ni baba yake akae jukwaani kama baba za wenzake, amwone akicheza, na anyamaze. Kisha akanishika mkono hadi mlangoni, akaniambia nisome kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Nikakisoma bila kusita: Duka la Viatu. Akasema duka la viatu lilihama mwezi wa pili. Pale sasa ni kinyozi.

Niliona aibu. Naliandika hili ili nisije nikalikana. Fainali ni Jumamosi, na hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho kabisa. Kipenga ametuma ujumbe kwamba mimi na mke wangu tukiomba radhi, mistari mitatu kila mtu, tutapewa viti vya mbele. Binti yangu ametuwekea mezani karatasi mbili na kalamu mpya. Nimemwahidi.

Jumatatu, 23 Juni

Tumekaa mezani, kila mtu na karatasi yake. Nikaandika: Ndugu Mwamuzi Mkuu. Mke wangu akaweka kalamu chini. Akasema yeye haombi radhi, maana refa yule kweli alihitaji miwani. Nikamwambia hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasema mimi tangu mwanzo! Tukatazamana. Sijampenda namna hii tangu siku ya harusi.

Na heri haiji peke yake. Nguzo ya umeme ina tangazo jipya. Meza ya alama ya fainali inahitaji watu wawili, mwandishi na mtunza saa. Hawakimbii! Wanakaa tu, hatua mbili kutoka uwanjani. Wanatakiwa wawe na cheti kipya cha macho, na wasiwe na undugu na mchezaji. Kipenga hatatutambua. Mimi nitafuga ndevu kuanzia leo, na mke wangu ataazima wigi.

Daktari naye amebadilisha ubao wa herufi, sijui nani kamdokeza. Nimeunakili wote, pua ikiwa imegusa ubao, kwenye zile karatasi mbili za binti yangu. Tangu saa kumi mke wangu ananisikiliza, mstari kwa mstari. Tumefika wa tano.

Fomu tumeshazijaza. Penye undugu nimeandika hakuna. Mke wangu akachungulia yangu, naye akaandika hakuna.